Picha za safari: kuanzia saa ya kamera hadi nakala ya tatu

Siku hizi filamu haimwishii mtu safarini. Kinachomsumbua ni kurudi na faili elfu tatu zenye majina kama DSC_4417 na IMG_0032, nyingine zimo kwenye simu, nyingine kwenye kadi, na mwaka ukipita hakumbuki daraja lile lilikuwa mji gani. Ukisubiri kurudi ndipo upange, mara nyingi hutapanga kabisa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iliyoelezwa hapa hufanyika kabla ya kuondoka na kila jioni ukiwa njiani.

1. Kagua kadi, nafasi na betri

Kadi mpya ya kumbukumbu ijaribiwe kabla ya safari. Kadi bandia zipo nyingi: juu imeandikwa gigabaiti 128, ndani ina 16 au 32, na imechezewa ili iidanganye kompyuta. Ukivuka nafasi yake halisi haikatai. Inaendelea kupokea picha huku faili zikiharibika au zikiandikwa juu ya zile za mwanzo, na hujui lolote mpaka uzifungue. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux huijaza kadi yote kisha kuisoma upya kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Kadi kubwa huchukua muda mrefu, kwa hiyo usiiache kazi hii kwa asubuhi ya kuondoka.

Hesabu nafasi utakayohitaji. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ya RAW (data ghafi ya kamera, haijachakatwa) ya megabaiti 25 hadi 30, na JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa) ya ubora wa juu ya megabaiti 10 hivi. Kadi ya gigabaiti 64 basi inabeba RAW kama elfu mbili, au JPEG kama elfu sita. Video ndiyo mlafi: dakika moja ya 4K kwenye simu hula kati ya megabaiti 170 na 400 kulingana na mpangilio. Ni afadhali kubeba kadi tatu za ukubwa wa wastani kuliko moja kubwa, maana hiyo moja ikifa imekufa na safari nzima.

Kuhusu RAW na JPEG, swali ni kama utazihariri au la. JPEG hubeba ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 hubeba ngazi 16,384, na tofauti hiyo huonekana unapojaribu kuokoa anga iliyoungua kwa mwanga kuzidi au uso uliofunikwa na kivuli. Kama huna mpango wa kukaa mbele ya kompyuta baada ya safari, piga JPEG na ulale usingizi. Kupiga zote mbili kwa pamoja kunaongeza mzigo wa faili, na wengi wanaofanya hivyo hawazigusi RAW zao.

Betri za akiba na pawabenki zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Mpaka wa kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati ya betri) bila kibali. Kwa kuwa pawabenki huandikwa mAh, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, na hiyo inahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ncha za chuma za betri za akiba zibandikwe utepe ili zisigusane na funguo au sarafu.

2. Weka saa sawa

Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo ghali kuliko zote. Kila picha hubeba ndani yake maelezo ya EXIF: tarehe na saa, aina ya kamera, kasi ya shata, tundu la lenzi, ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga), na mara nyingi mahali kwa GPS. Programu zote za kupanga picha hutegemea tarehe hiyo. Ikiwa si sahihi, hakuna kitakachokaa mahali pake.

Tatizo linakuja hivi. Simu ikivuka mpaka hujibadilisha saa yenyewe kwa kufuata mtandao. Kamera nyingi hazifanyi hivyo. Hubaki na saa za nyumbani mpaka uziguse. Ukizichanganya picha za vifaa hivyo viwili, chakula cha mchana kilichopigwa kwa kamera kinajikuta kabla ya kifungua kinywa kilichopigwa kwa simu. Kama mko watatu kwenye safari, kila mmoja na kamera yake, vurugu ni mara tatu.

Fanya hivi:

- Kabla ya kuondoka, rekebisha saa ya kamera hadi sekunde, ukiilinganisha na simu.
- Ukifika kwenye saa za eneo jipya, badilisha saa ya kamera. Nyingi zina sehemu ya kuchagua eneo bila kugusa dakika, tumia hiyo.
- Kisha piga picha moja ya skrini ya simu ikionyesha saa na sekunde. Hata ukisahau kubadilisha kamera, picha hiyo itakuonyesha umepotea kwa kiasi gani.

Ukigundua kosa baadaye, linarekebishika kwa mkupuo. Programu za kupanga picha za Lightroom Classic na digiKam zina zana ya kusogeza saa za picha nyingi pamoja. Kwa anayeweza kuandika amri, ExifTool hufanya kazi hiyo kwa mstari mmoja: `exiftool "-AllDates+=2" folda` husogeza kila picha mbele saa mbili, na huacha faili za awali zikiwa na mkia wa "_original" endapo umekosea. Hakikisha folda hiyo ina picha za kamera peke yake. Ukizisogeza na za simu, umehamisha kosa tu.

Jambo dogo kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri: kamera huandika saa 24 kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "saa tatu" kwenye daftari, kamera imeandika 09:00 au 21:00. Katika maelezo ya picha tumia namna ya kamera, la sivyo utajichanganya mwenyewe.

3. Kupiga

Kwanza futa lenzi. Lenzi ya simu iliyotoka mfukoni ina mafuta ya vidole, na hayo ndiyo yanayoleta ule ukungu unaozunguka taa na michirizi ya mwanga wa jua. Kitambaa laini cha miwani kinatosha.

Kwenye simu, gusa mahali unapotaka paonekane vizuri, shikilia kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, kisha telezesha kidole kuongeza au kupunguza mwanga. Punguza kidogo pale penye anga angavu: kivuli kinaweza kufunguliwa baadaye, lakini wingu lililogeuka jeupe tupu halina kitu cha kurudisha. Usivute picha kwa vidole viwili kupita uwezo wa lenzi zilizomo. Hapo simu inakata tu pikseli na kuzitanua. Sogea kwa miguu. Na kwa sura za watu epuka lenzi pana ukiwa karibu, kwani hukuza pua na kurefusha kichwa cha aliye pembeni. Rudi nyuma hatua mbili, tumia 2x.

Kwenye kamera, ukungu wa picha karibu kila mara ni kasi ndogo ya shata. Kwa mkono, kasi isipungue sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 50, 1/50, ya 200, 1/200. Huo ni mtikisiko wako tu. Kinachopigwa nacho kina mwendo wake: mtu anayetembea anataka 1/250, mtoto anayekimbia 1/500, na mandhari kutoka dirisha la basi linalokwenda 1/1000. ISO ikipanda, iache ipande. Chembechembe zinavumilika, picha iliyotikisika haina dawa.

Kupiga kupitia kioo, sogeza lenzi kwenye dirisha mpaka karibu iguse, zima flashi, na uizungushie nguo nyeusi au kiganja ili taa za ndani zisijirudie. Usiegemeze lenzi kabisa, kwa sababu itachukua mtetemo wa injini. Kichujio cha polaraizi (kile cha kupunguza mng'ao) kivuliwe ndani ya ndege: madirisha yale ni ya plastiki, na kichujio hicho huyapaka mistari ya upinde wa mvua.

Theluji na mchanga mweupe huidanganya kamera. Hudhani mwanga umezidi, ikapunguza, na theluji ikatoka ya kijivu. Ongeza mwanga kwa +1 hadi +1.7 kwenye mpangilio wa +/- wa kamera. Kwenye jukwaa lenye giza na mtu mmoja aliyemulikwa, fanya kinyume chake.

Mabadiliko ya joto yana madhara yake. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kuingia joto lenye unyevu, maji hujikusanya juu ya lenzi na wakati mwingine ndani. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki ungali chumbani, toka nayo, na isubiri humo dakika 20 hadi 30 ipate joto la nje. Hapo umande utakaa juu ya mfuko.

Sasa mazoea mawili yanayosaidia upangaji. La kwanza, ukifika mahali papya picha ya kwanza iwe ya kibao: jina la kituo, lango la makumbusho, ramani ya njia, tiketi. Si picha ya kumwonyesha mtu, ila miezi sita baadaye ndiyo itakayokupa jina la mahali likiwa na tahajia yake halisi. La pili, kwa kila mahali piga angalau tatu: ya mbali inayoonyesha ulipo, ya kati yenye watu au shughuli, na ya karibu sana ya kitu kimoja, labda kitasa cha mlango au mkono wa fundi. Bila hizo utarudi na minara arobaini iliyosimama katikati ya fremu.

Muombe mtu ruhusa kabla ya kumpiga, hata kwa ishara ya kuinua kamera na kungoja. Mipaka, kambi za jeshi, vituo vya polisi na sehemu za ukaguzi za viwanja vya ndege ziache kabisa. Droni uziulizie sheria zake kabla ya kuipakia, kwani zipo nchi ambazo huinyang'anya forodhani.

4. Kila jioni, dakika ishirini

1. Nakili, usihamishe. Ukihamisha na waya ukachomoka katikati, baadhi ya faili zinaweza kukosekana pande zote mbili. Ukinakili, kadi inabaki kama ilivyo.
2. Pakia kwenye laptopu na kwenye diski ndogo ya nje. Asiye na laptopu anaweza kuchomeka kisoma kadi kwenye simu yenye tundu la USB-C, apitishe picha hadi SSD (aina ya diski ndogo ya nje) kwa kutumia programu ya faili ya simu yenyewe.
3. Linganisha idadi ya faili na jumla ya megabaiti, pande zote. Fungua picha tano, ikiwemo ya mwisho. Kijipicha kidogo kisikudanganye, fungua picha yenyewe.
4. Andika mistari mitano: wapi, nani, nini kilitokea, jina la kijiji kile. Daftari la simu linatosha.
5. Chaji kila kitu. Laptopu na diski zisilale begi moja.

Usifute picha kwenye kamera wakati wa kutembea. Skrini ya inchi tatu haionyeshi fokasi kwa uhakika, na vidole vikiwa na haraka hufuta isiyostahili. Kadi isafishwe tu baada ya kuwa na nakala mbili kwingine, na isafishwe kwa kufomatiwa ndani ya kamera itakayoitumia, si kwenye kompyuta. Kadi isichomolewe taa ya kuandikia ikiwa inawaka.

Kama mtandao wa mahali unapolala ni dhaifu, usijaribu kupandisha zote. Chagua thelathini bora za siku, zipandishe usiku, na uweke mpangilio wa kupandisha kwa Wi-Fi pekee ili data za ng'ambo zisikufilisi.

5. Kuchambua

Pitisha mara tatu, kila mara kwa swali lake. Mara ya kwanza tafuta mbovu tu: zilizotikisika, macho yaliyofumba, kidole mbele ya lenzi. Sekunde mbili kwa kila picha, usisimame kuzitazama. Mara ya pili weka zinazofanana bega kwa bega, uchague moja kwa kuikuza mpaka 100% na kutazama macho au maandishi. Mara ya tatu, baada ya siku kadhaa, toa nyota. Kuacha siku kupita kuna maana: ukiwa umetoka tu, unapenda picha kwa sababu ya ulivyojisikia pale, na mtazamaji hakuwepo.

Kati ya elfu moja, kubaki na mia tatu ni haki. Za kuwaonyesha wengine zisizidi sitini, na hata hizo sitini wageni wataanza kupiga miayo kwenye ya arobaini.

6. Folda na majina

Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: `2025/2025-03-14_Istanbul`. Kompyuta hupanga kwa kusoma herufi moja baada ya nyingine, hivyo ukianza na siku, tarehe 1 za miezi yote zitajipanga pamoja na safari zako zote zitachanganyika. Safari ndefu iwe folda moja yenye folda ndogo za siku au za miji, usipite ngazi tatu.

Faili zenyewe zibadilishwe majina kwa mkupuo, mathalani `20250314_174205_Istanbul.jpg`. Hesabu ya kamera huishia 9999 na kurudi 0001, kwa hiyo siku moja utakuwa na IMG_0032 mbili tofauti, na zikikutana kwenye folda moja mmoja wa ndugu hao anaweza kufutwa. Usitumie nafasi wala alama za / : * ? ndani ya jina.

Usitengeneze folda za mada kama "Machweo" au "Masoko". Picha ya soko wakati wa machweo, akiwemo dada yako, itaingia folda gani? Folda zibebe tarehe na mahali. Mada zibebwe na lebo. Weka lebo chache na uzitumie kwa tahajia ileile: ukiandika "soko" leo na "masoko" kesho, utafutaji utakupa nusu tu.

Lebo na maelezo yaandikwe ndani ya faili, kwa mfumo wa IPTC au XMP, jambo ambalo digiKam, programu ya bure, hufanya ukiiwekea mpangilio huo. Albamu za programu ya simu mara nyingi hukaa ndani ya programu hiyo tu. Ukiziondoa picha zako Google Photos, kwa mfano, maelezo huja kwenye faili za pembeni za JSON. Kwa RAW, faili ndogo yenye kiambishi .xmp ndiyo iliyobeba kazi yako. Ukihamisha picha ukaiacha hiyo, umeacha kila kitu.

Kamera isiyo na GPS inaweza kusaidiwa na simu. Washa programu ya kurekodi njia itakayotoa faili ya GPX (orodha ya mahali ulipopita na saa zake), kisha digiKam au ExifTool italinganisha saa ya picha na saa ya njia na kuiandikia picha mahali ilipopigwa. Saa ya kamera ikiwa nyuma kwa dakika kumi, picha ya kanisa itaangukia kituo cha mafuta.

Kuhariri ni kazi ya baadaye na isichukue muda mwingi: nyoosha upeo, kata pembeni, fungua vivuli kidogo. Hifadhi kama nakala mpya. JPEG inayofunguliwa na kuhifadhiwa tena na tena juu ya ileile hupoteza ubora kila mara.

7. Nakala

Kanuni ni 3-2-1: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya nyumba. Kwa kawaida hiyo ni kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni au diski ya pili nyumbani kwa ndugu.

Kulandanisha simu na mtandao si nakala. Ni kioo: ukinyoa ndevu, na wa kwenye kioo kanyoa. Ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, inafutika na mtandaoni, kisha unabaki na pipa la taka lenye muda wake: siku 30 kwa iCloud, siku 60 kwa picha zilizopandishwa Google Photos. Angalia pia ukomo wa bure. Tangu Juni 1, 2021 picha mpya za Google Photos huhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 zinazogawanwa na barua pepe, na nafasi ikijaa, upandishaji husimama bila wewe kugundua mara moja.

Diski ya nje ichomekwe angalau mara mbili kwa mwaka na kufunguliwa faili kadhaa. Ikianza kutoa milio ya kugonga, nakili yaliyomo siku hiyohiyo.

8. Kutuma na kuchapa

WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha na kuondoa EXIF. Mtu akitaka picha kamili, itume kama hati, au mpe kiungo cha folda. Kwa upande mwingine, picha unayoiweka hadharani au kuituma kama faili nzima inaweza kubeba GPS ya mlango wako. Ondoa mahali kabla ya kuituma. Na picha za pwani zikisubiri mpaka urudi, hakuna anayejua kuwa nyumba haina mtu.

Kwa kuchapa, hesabu nukta 300 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inataka karibu pikseli 1,200 kwa 1,800. A4 inataka 2,480 kwa 3,508. Iliyopitia WhatsApp mara nyingi haifiki A4.

9. Zikifutika

Ukifuta au kufomati kwa bahati mbaya, acha kupiga papo hapo na utoe kadi. Faili bado zipo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake, na kila picha unayoongeza inafukia nyingine. Ukifika kwenye kompyuta tumia PhotoRec, ambayo ni ya bure, na matokeo yahifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi yenyewe. Faili zitarudi bila majina yake ya awali, lakini EXIF ya ndani kwa kawaida huwa salama, kwa hiyo zipange upya kwa tarehe kama hatua ya 6. Kadi iliyoharibu faili yenyewe, bila wewe kufuta kitu, isirudi tena kwenye kamera.